Kwa nini wanaoanza hukwama katika biashara ya mtandao

Yafuatayo ni maneno ya mwalimu mstaafu, aliyoyasema mjini Ruangwa, mkoani Lindi, mbele ya wakulima, vijana na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa.



Nimeombwa nieleze kwa nini watu wanaoingia katika ile inayoitwa biashara ya mtandao hukwama mapema. Swali hili limeletwa na vijana wenyewe, nami nawashukuru kwa kuwa wameliuliza kwa nia ya kutaka kujua, si kwa kumcheka mtu. Lakini kabla sijaenda mbali hapana budi nilifafanue neno lenyewe, maana siku hizi neno mtandao limebeba mizigo mingi. Sisemi juu ya kuuza vitu kwa njia ya simu. Nasema juu ya biashara ambayo mtu hununua kifurushi cha bidhaa kutoka kwa kampuni, yaani sabuni, dawa ya meno, vidonge vya lishe, chai ya majani ya namna fulani. Kisha huambiwa auze bidhaa hizo na, zaidi ya kuuza, awaingize watu wengine, nao wawaingize wengine. Kila wanachonunua walio chini yake humletea yeye sehemu ya fedha. Mtandao huo ni wa watu, si wa nyaya.

Jawabu la swali letu limekwisha kutolewa mara nyingi na wakubwa wa biashara hiyo katika semina zao. Wanasema kwamba anayeanza hushindwa kwa sababu ni mvivu, ni mwoga, hana ndoto, hahudhurii mikutano, na anasikiliza ndugu zake wanaomvunja moyo. Mimi nililisikia jawabu hilo nikaliamini kwa muda wa miezi saba. Leo nasema kwamba ukweli uliomo ndani yake ni mdogo mno. Wavivu wapo, kama walivyo katika ualimu na katika kilimo. Lakini mtu wa Mbekenyera au wa Mandawa anayeamka usiku wa manane, akajifunga pampu mgongoni na kwenda kupulizia mikorosho, mtu huyo akishindwa kuuza sabuni hatuwezi kusema kwamba kilichomshinda ni uvivu. Iko sababu nyingine, nayo imo katika hesabu ya biashara yenyewe na katika kalenda ya fedha ya wilaya yetu.

Niruhusuni nianze na habari zangu mwenyewe, maana si haki kusema juu ya makosa ya watu wengine huku yangu nimeyafunika.

Daftari langu

Nilistaafu mwaka 2016. Mnajua mtu akistaafu habari huenea kuliko tangazo la redio, na kila mwenye wazo la biashara hulipeleka pale kwenye kiinua mgongo. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alikuja kwangu kijana mmoja niliyemfundisha, amevaa tai, akaniamkia kwa heshima zote, akanichorea duara katika karatasi. Duara la juu lilikuwa mimi. Chini yake akachora matano, na chini ya kila moja matano mengine. Nilikuwa nimefundisha hesabu kwa miaka thelathini na zaidi, lakini siku ile sikuhesabu. Nilitazama tu lile duara la juu.

Kampuni sitaitaja, wala haina haja. Nilinunua kifurushi cha kuanzia kwa shilingi 350,000. Nikaelezwa kwamba ili nibaki katika daraja langu na kustahili malipo ya walio chini yangu, nilipaswa kununua bidhaa za pointi fulani kila mwezi. Kwangu mimi zilikuwa kama shilingi 110,000. Mwezi wa kwanza niliuza kwa watu sita: shemeji yangu, walimu wenzangu wawili, muuguzi mmoja, jirani, na mzee mmoja ambaye ni mtani wangu na ambaye alinunua dawa ya meno ilhali meno yake mwenyewe yanahesabika. Nilifurahi sana. Mwezi wa pili nikarudi kwa watu wale wale, na ni muuguzi peke yake aliyenunua tena. Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa kwamba wale watano hawakununua bidhaa. Walinunua kwa kunihurumia, au kwa kuniheshimu, na heshima ya namna hiyo haitolewi kila mwezi.

Isitoshe, dawa ya meno niliyoiuza kwa shilingi 15,000 ilikuwa na mwenzake katika duka la sokoni kwa shilingi 2,500. Kwa nini tofauti ikawa kubwa kiasi hicho? Nilidhani ni ubora. Baadaye nikafahamu kwamba bei ile ilikuwa imebeba watu: aliyeniingiza mimi, aliyemwingiza yeye, na aliyemwingiza huyo, ngazi baada ya ngazi, kila mmoja na sehemu yake. Mwenye duka sokoni hana wakubwa sita wa kuwagawia katika kila boksi la dawa ya meno. Kwa hiyo mimi niliyeanza nilitumwa kushindana naye nikiwa nimefungwa jiwe mguuni, na nikishindwa naambiwa sina ndoto.

Kuanzia mwezi wa tatu nilinunua mwenyewe zile bidhaa ili daraja lisianguke. Nilikuwa mteja wangu mwenyewe. Maboksi yalikaa chini ya kitanda, na nyumba nzima tulipiga mswaki kwa dawa ile kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Mwezi wa Aprili 2017 nilichukua daftari nikaandika yote. Kifurushi shilingi 350,000. Manunuzi ya miezi sita shilingi 660,000. Nauli na viingilio vya semina, Lindi mara mbili na Mtwara mara moja, shilingi 130,000. Jumla shilingi 1,140,000. Kwa upande wa pili: mauzo ya taslimu shilingi 395,000, na kamisheni shilingi 62,000. Nilikuwa nimepoteza shilingi 683,000, bila ya kuhesabu watu walionikopa na ambao sikuwa na uso wa kuwadai.

Lakini hasara hiyo ilikuwa yangu, na mtu mzima hula hasara yake akanyamaza. Linaloniuma ni zile shilingi 62,000 za kamisheni, maana ndani yake 41,000 zilitoka kwa mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani, ambaye niliingia nyumbani kwake kwa miguu yangu mwenyewe, nikakaa mkekani kwake, nikamchorea duara.

Mama huyo aliingia mwezi wa Desemba. Mtakumbuka kwamba msimu wa korosho wa 2016 ulikuwa na bei nzuri sana, na fedha za mnada zilikuwa zimeingia. Alilipa kifurushi. Mwezi wa Januari alinunua pointi. Mwezi wa Februari alinunua tena, na zile zilikuwa fedha za vibarua wa palizi ya ufuta. Alinieleza hivyo, nami nilimwambia maneno niliyofundishwa kwenye semina, kwamba anayetaka kuvuka mto hana budi kulowa. Mwezi wa Machi akasimama. Shamba lake la ufuta lilikuwa limeshikwa na magugu. Mwaka uliotangulia alikuwa amevuna magunia sita, na mwaka ule alipata mawili. Ilipofika Agosti, kabla korosho hazijaiva, alikwenda kuziuza changa kwa kangomba ili mwanawe apate sare na madaftari.

Nilimrudishia zile 41,000, na bidhaa alizobaki nazo nikazinunua mimi kwa bei aliyozinunulia. Magunia manne ya ufuta sikuweza kumrudishia.

Hesabu ya watano

Sasa tuifanye ile hesabu ambayo sikuifanya siku ya kwanza. Semina husema: tafuta watu watano tu, na kila mmoja wao atafute watano. Neno lile "tu" ndilo linalodanganya. Chini ya mtu mmoja kuna 5, kisha 25, kisha 125, kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625, kisha 78,125. Hizo ni ngazi saba. Ukijumlisha wote pamoja na wa kwanza unapata watu 97,656. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya ya Ruangwa watu kiasi cha laki moja na thelathini elfu, wakiwamo watoto wachanga na vikongwe. Ngazi ya nane peke yake inahitaji watu 390,625. Ngazi ya tisa inahitaji karibu milioni mbili, na mkoa mzima wa Lindi katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu kama milioni moja na laki mbili. Tukifika ngazi ya kumi na moja, jumla ya wote ni watu 61,035,156. Sensa ile ile ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Maana yake ni kwamba ngazi kumi na moja tu chini ya mtu mmoja zingeimaliza nchi nzima, kuanzia wavuvi wa Pemba hadi wafugaji wa Ngorongoro, na wale wa ngazi ya mwisho, ambao ni wengi kuliko wengine wote kwa pamoja, wangekuwa hawana hata mtu mmoja wa kumchorea duara.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hili ndilo jawabu la swali lenu. Rudini kwenye wale 97,656. Kati yao, 78,125 wako katika ngazi ya mwisho. Hao ni wanne katika kila watano. Simamisheni hesabu katika ngazi yoyote mtakayo, mtakuta hali ni ile ile: katika kila watu watano wa mtandao uliojaa, takriban wanne hawana mtu chini yao. Hawakufika hapo kwa uvivu. Hata wangekuwa wote hodari kama wakubwa wao, na wote wakahudhuria kila semina, bado wanne katika watano wangekuwa chini, kwa sababu umbo lenyewe limejengwa hivyo. Na anayeanza leo anaingia wapi? Anaingia huko huko chini.

Wazee wa Nachingwea wanajua habari ya hesabu zinazopendeza karatasini. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu kusini. Ekari zilihesabiwa, tani zikahesabiwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya kubeba karanga hizo. Walichosahau ni kuiuliza ardhi na mvua. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa. Yule kijana wangu mwenye tai naye alikuwa na karatasi safi yenye maduara yaliyopangika. Alichosahau kuuliza ni Ruangwa ina watu wangapi.

Upatu wa aina mbili

Mtu ataniambia: mwalimu, mbona akina mama wanacheza upatu na haujawahi kuwadhuru? Ni kweli, na tofauti ni kubwa. Akina mama kumi wakichanga shilingi 20,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao huchukua 200,000, na mwezi wa kumi kila mtu amepata kile alichotoa. Duara limefungwa. Hahitajiki mtu wa kumi na moja. Upatu unaokatazwa na Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu ni ule usiofungwa, ambao anayetangulia hulipwa kwa fedha ya anayefuata. Ni bahati mbaya kwamba lugha yetu imeviita vitu hivi viwili kwa jina moja.

Wengi wenu mnaikumbuka DECI. Watu walikuwa "wakipanda mbegu", yaani wakitoa fedha, kisha wakingoja "kuvuna". Mkulima akiambiwa kupanda na kuvuna humwamini anayesema, kwa sababu hiyo ni lugha yake. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mchezo ule, viongozi wake wakafikishwa mahakamani, na mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Lakini jambo ambalo nalikumbuka zaidi ni kwamba mchezo uliposimamishwa, wapo waliolalamikia kusimamishwa kwenyewe, kwa kuwa zamu yao ya kuvuna ilikuwa imekaribia. Aliye chini daima huona kwamba angengoja kidogo tu angepata.

Sasa, biashara ya mtandao si DECI. Lazima niseme hivyo, maana haki ni haki. DECI haikuwa na bidhaa, lakini kampuni hizi zinazo, na nyingine ni bidhaa nzuri. Sabuni niliyouza ilikuwa inatoa povu. Marekani, ambako biashara hii ilizaliwa, walibishana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa upatu, kwa sababu ilikuwa na masharti yaliyomtaka msambazaji auze sehemu kubwa ya bidhaa kabla ya kununua nyingine, awe na wateja halisi, na arudishiwe fedha akirudisha mzigo. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo ilifikia makubaliano na Herbalife, kampuni ikalipa dola milioni 200 na kutakiwa ibadili mpango wake ili malipo yafuate mauzo kwa wateja, badala ya kufuata watu walioingizwa. China iliipiga marufuku biashara ya namna hii mwaka 1998, na ilipokuja kuruhusu uuzaji wa moja kwa moja mwaka 2005, ule mfumo wa ngazi juu ya ngazi ulibaki umekatazwa.

Basi mpaka uko wapi? Uko katika swali moja: fedha inatoka kwa nani? Ikiwa inatoka kwa mtu anayetaka sabuni kwa ajili ya kuoga, hiyo ni biashara. Ikiwa inatoka kwa mtu anayenunua sabuni ili asishushwe daraja, basi sabuni ni kisingizio tu. Na huko huko Marekani, Septemba 2024, tume ile ilitoa ripoti baada ya kuzisoma taarifa 70 za mapato zilizoandikwa na kampuni zenyewe. Ilionekana kwamba katika kampuni nyingi zaidi, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hapo gharama zao hazijatolewa. Hao ni watu wa nchi tajiri, wenye mishahara ya mwezi na barabara za lami hadi mlangoni. Mimi nilikuwa Ruangwa na baiskeli.

Kalenda ya Ruangwa

Hapa nafika kwenye jambo ambalo sijapata kulisikia katika semina yoyote, nalo ndilo linalotuhusu sisi kuliko watu wa Dar es Salaam.

Mpango wa kampuni hizi umetungwa kwa ajili ya watu wanaopokea fedha kila mwezi. Pointi ni za kila mwezi, daraja hupimwa kila mwezi, na ukikosa mwezi mmoja unashuka au unakosa malipo yako. Lakini fedha ya Ruangwa haiji kwa mwezi. Huja kwa zao. Ufuta huvunwa katikati ya mwaka. Mbaazi hufuata. Korosho huanza kwenye Oktoba, zinapelekwa ghalani kwenye chama cha msingi, zinangoja mnada, na fedha hupitia benki, pengine mapema, pengine kwa kuchelewa. Baada ya hapo, kuanzia Februari hadi Mei, mifuko ya karibu kila mtu ni mikavu. Hata mwenye duka la sokoni hupunguza mzigo miezi hiyo.

Sasa mtazameni anayeanza. Watu wa mtandao huja lini kutuingiza? Huja Novemba na Desemba, pale wanapojua kwamba korosho zimelipwa. Kwa hiyo mtu huingia wakati fedha imejaa, na miezi miwili ya kwanza humwendea vizuri kwa sababu hata wateja wake wana fedha. Anaamini kwamba ameweza. Kisha inakuja Februari. Wateja wamekauka, naye amekauka, na shamba linadai palizi. Kampuni iliyoko mbali haijui palizi. Inajua tarehe ya mwisho wa mwezi. Mtu huyu ana njia tatu: aache na apoteze alichokwisha kuweka, au akope, au achukue fedha ya shamba. Yule mama alichukua fedha ya shamba. Wengine hukopa kwenye kikundi, na kikundi kinatikisika. Wengine humfuata kangomba, na hivyo korosho ambazo zingepita ghalani na mnadani kwa bei ya wote huuzwa kwa bakuli zikiwa bado mtini. Tumepambana na kangomba miaka mingi kwa mikutano na kwa sheria, kisha sisi wenyewe tunampelekea wateja.

Siku hizi wapo pia vijana wetu wanaopata ajira katika machimbo ya kinywe kule Matambalale. Hao wanapokea kwa mwezi, na sitashangaa maduara yakianza kuchorwa nje ya lango siku ya mshahara. Kwao hoja yangu ya kalenda haina nguvu sana. Ile ya watano iko pale pale.

Jambo jingine nitaligusa kwa haraka. Anayeanza huambiwa aandike majina 100 ya watu anaowafahamu. Katika mji mkubwa majina 100 ni mwanzo wa soko. Katika kijiji cha Nkowe au Chinongwe majina 100 ni ukoo, watani, waliocheza nawe ngoma moja, waliokuzikia baba yako. Ukikwisha kuwauzia hao kwa kuwaonea haya huna tena wa kumwendea, na wakati huo umegusa akiba ambayo mtu wa kijijini huihitaji siku ya ugonjwa na msiba. Mwaka ule kuna nyumba ambazo watoto walitumwa mlangoni kuniambia kwamba baba hayupo, nami nilikuwa nimeziona ndara zake pale kizingitini.

Na naomba kwa heshima wale wanaouza vidonge vya lishe waache kuwaambia wagonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu kwamba watapona na waache dawa za hospitali. Hilo halihusu faida wala hasara. Linahusu uhai wa mtu.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Vijana wameniuliza kama nawakataza. Sina mamlaka ya kumkataza mtu mzima, na nawafahamu watu wawili au watatu wanaoendelea vizuri. Nimewachunguza. Mmoja ni muuguzi katika mji wenye hospitali kubwa, anauza mafuta ya ngozi kwa wauguzi wenzake wanaoyapenda, na hajamwingiza mtu yeyote kwa mwaka mzima. Huyo ni mchuuzi, na uchuuzi ni kazi ya halali. Angeuza vizuri hata kama kampuni isingekuwa na ngazi hata moja.

Kwa hiyo anayeitwa aulize kwanza hivi: ikiwa tangu leo hataingia mtu mwingine yeyote baada yangu, je, nitapata faida kwa kuuza tu? Akijibiwa kwa hadithi ya mtu aliyepewa gari, basi hajajibiwa. Halafu aulize kama kampuni itanunua tena mzigo aliobaki nao akiamua kuacha, kwa bei gani, na ndani ya siku ngapi, na sharti hilo limeandikwa wapi. Aende sokoni na boksi mkononi alinganishe bei. Na sisi wa huku tuongeze swali letu wenyewe: mwezi wa Machi nitazinunua pointi kwa fedha ipi? Atakayeuliza hivyo ataambiwa kwamba ana roho ya kushindwa. Na aambiwe.

Ninyi wa vikundi vya kuweka na kukopa, nina ombi moja. Mwanachama akija kukopa mwezi wa Februari akasema ni kwa ajili ya biashara, kamati imwulize ni biashara gani, na mzigo wa mwezi uliopita uko wapi. Ukiwa chini ya kitanda, asikopeshwe mwingine. Mimi kama ningeulizwa hivyo Februari ile, ningekasirika sana, na ningeokoka.

Ndugu Mwenyekiti, daftari langu nimekuja nalo, ni hili hapa. Anayetaka kuona hesabu alizisome mwenyewe, mwandiko ni wa mwalimu, unasomeka. Na yeyote aliyeitwa na kampuni yoyote, aliyepewa karatasi zenye maduara, azilete hapa mezani baada ya mkutano, nasi tutazihesabu pamoja ngazi kwa ngazi. Zikiwa nzuri kuliko zangu nitasema hivyo mbele yenu wote.